Mtoto wa Mgeni Halali Peke Yake

Hidaya na binti yake Pili walikaa juu kabisa ya milima ya Matombo, mahali ambapo gari halifiki. Huko mgeni alikuwa adimu. Kwa hiyo Mwalimu Anselmi alipopanda kutoka Morogoro kuja kufungua darasa la watu wazima, kitongoji kizima kilitoka kumpokea. Alikuja na mwanawe, Mikaeli.

Mikaeli alikuwa na mafua na macho mekundu.

"Ni uchovu wa njia tu," mwalimu alisema.

"Basi atalala na Pili," Hidaya alijibu. "Kwetu mtoto wa mgeni halali peke yake."

Salehe, mtoto wa jirani yao Shamsia, naye akaja. Watatu wakajibana kitanda kimoja, wakicheka. Kesho yake darasa likafunguliwa, na wageni wakateremka, mwalimu akiahidi kurudi kiangazi kufundisha.

Wiki mbili hazikupita, Pili na Salehe wakawaka homa. Vipele vikawajaa. Salehe akafa. Hidaya aliduwaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona huyu kaacha kaburi?

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, neno la mjomba ni zito. Rehani, kaka yake Hidaya, alisema, "Pili asipewe maji. Maji yatairudisha surua ndani. Mfungieni."

"Mama, maji," Pili aliomba. Hidaya aliziba masikio huku akilia.

Theresia, mhudumu wa zahanati ya bondeni, alisikia habari za msiba akapanda mlima. Alipofungua mlango alishika kichwa.

"Jamani! Mtoto anakufa kwa kiu!" Kisha akamgeukia Rehani. "Shikamoo, mjomba. Naomba unisikilize. Surua hupita kwa kikohozi na chafya, hata kabla vipele havijatoka. Maji hayairudishi ndani. Homa inamkausha huyu. Mpeni maji yaliyochemshwa, uji na papai. Fungueni dirisha. Wenzake wasimkaribie. Akihema kwa shida, mleteni kwangu upesi."

"Kumbe yule mtoto wa mwalimu aliyelala nao, mwenye mafua na macho mekundu..." Hidaya alinong'ona.

"Ndiye. Baba yake hakujua. Nanyi hamkujua."

Rehani alichemsha maji, akayapoza. Kisha akachukua kata, akamnywesha mpwa wake kwa mkono wake mwenyewe.

Pili alipona. Theresia alirudi na chanjo, na Rehani ndiye aliyewashika watoto wa ukoo wakidungwa sindano.

Kiangazi, mwalimu alirudi na Mikaeli. Rehani aliwasimamisha njiani. "Karibuni. Kuna anayeumwa?"

"Hakuna, mzee. Sote wazima."

"Basi piteni."

Mikaeli alimkimbilia Pili. "Salehe yuko wapi?"

Shamsia, mama wa Salehe, alisogea mbele. "Alikufa, mwanangu. Surua."

Mwalimu alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Shamsia. Akakumbuka yale macho mekundu. Begi la chaki likamponyoka.

"Kaa chini, mwalimu," Shamsia alisema. "Darasa la leo ni la surua, naanza mimi."