Yeslam Hakuwa Lamu

Kila aliyemuulizia Yeslam alipewa jibu moja na mama yake, Mahfoudha: yuko Lamu kwa mjomba wake. Lamu gani! Yeslam alikuwa hapo hapo Kisauni, chumba cha ndani, mlango umetiwa komeo, anafukizwa ubani asubuhi na jioni.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa duka la vitambaa. Miezi miwili nyuma alianza kukosa usingizi na kuwakimbia wenzake. Kisha akawa anajibizana na watu wasioonekana. Mahfoudha, mjane wa watu, akaona haya. Binti yake Khairiya alikuwa ameposwa, na Ijumaa wakwe walikuwa waje kupanga siku ya harusi. Wakisikia habari hizi, posa itavunjika. Ijumaa ipite kwanza, alijiambia. Wallahi, hapo ndipo alipokosea.

Jumatano Yeslam alikataa maji. Alisema yametiwa sumu. Hata Alhamisi asubuhi hakuonja tone, na midomo ilianza kupasuka. Mahfoudha alibembeleza, akafoka, akalia. Wapi!

Jerioth, nesi kutoka bara aliyepanga nyumba ya pili, alizisikia kelele hizo. Akabisha hodi, akaamkia, akauliza ni nani anayeumwa. Mahfoudha akataka kusema Lamu. Akaikumbuka midomo ya mwanawe. Akamweleza yote.

"Mama, huu ni ugonjwa wa akili," Jerioth alisema. "Huwapata vijana wengi wa rika lake. Si kosa lako wala lake. Siku hizi una dawa, na mgonjwa akiwahiwa mapema hupata nafuu upesi. Kumfungia kunamzidishia hofu."

Akamfundisha la kufanya. Asibishane naye juu ya zile sauti, wala asijifanye anazisikia. Aongee polepole. Na maji, aanze kunywa yeye.

Mahfoudha alitoa komeo. Yeslam alikuwa amejikunyata pembeni. Mama akakaa mkekani, akachota maji mtungini kijana akiona, akanywa nusu ya kata, akaiweka kati yao.

"Wanasema nitakufa," Yeslam alinong'ona.

"Mimi siwasikii, mwanangu. Lakini naona unaogopa. Niko hapa."

Alingoja mpaka mgongo ukamuuma. Mwishowe Yeslam akanyoosha mkono, akayanywa yote yaliyobaki.

Siku ile ile Jerioth aliwavusha daraja la kwenda mjini, wakaenda hospitali. Daktari akamlaza, akamwanzishia dawa.

Ijumaa Bi Salme, mama wa mchumba, akafika na kumuulizia Yeslam. Mahfoudha akasema kweli.

"Hakuwa Lamu. Ni mgonjwa wa akili, na yuko hospitali."

Khairiya alikuwa nyuma ya pazia, akisikiliza.

"Ndugu yangu mdogo nawaambia watu yuko Pemba," Salme alisema. "Mwaka wa pili huu tumemfungia. Huyo nesi wako, nitampata wapi?"

Harusi ilipangwa. Yeslam alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Dawa hakuziacha, hata alipojiona mzima, na daktari alimwona kila mwezi. Kazini alirudi kidogo kidogo, nusu siku kwanza.

Siku ya kumtoa nduguye Salme apelekwe hospitali, ndugu huyo alikataa katakata kuondoka chumbani. Yeslam, aliyefuatana na Jerioth, akaomba kata ya maji. Akaingia, akakaa mkekani, akaanza kunywa yeye.