Hodi Isiyojibiwa

Kila jioni Chiriku aliosha vyombo, akachambua mchele, kisha akasikiliza. Kazi hiyo ya mwisho hakuna mwenzake shuleni aliyeijua. Alikaa mlango wa nyuma, sikio ukutani, akifuata nyundo ya jirani yao, fundi viatu: ko, ko, ko. Nyundo ikilia, mambo shwari. Ikinyamaza ghafla, basi yule mwanamume wa viatu vya kahawia alikuwa ameingia uchochoroni.

Hapo mama alitoa sufuria motoni ili isichemke kwa kelele. Dada, aliyekuwa muuguzi wa zahanati, alijibanza nyuma ya kabati na sare yake nyeupe.

"Hodi," sauti iliita polepole, kama ya mtu asiye na haraka. "Hodi."

Hakuna aliyesema karibu. Ndipo Chiriku alipotoka kwa mlango wa nyuma, macho chini, akasema alivyofundishwa: "Dada amesafiri."

Mwanamume yule hakuwahi kugomba, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku zaidi. Siku moja alizitazama kandambili za dada pale kizingitini, bado zina maji, akatabasamu.

"Dawa ya deni ni kulipa, mwanangu. Asipoinywa mgonjwa, itanywewa na mwingine."

Kisha akaondoka. Hakuelekea barabarani. Alikata kona kuelekea kwa fundi.

Deni lilikuwa la chuo, na mwanamume yule alikuwa mkusanya madeni. Dada alikopa kwenye Mfuko wa Masomo ili asomee uuguzi, lakini mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, na deni likazidi kunenepa. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, akawa mkimya. Wenzake walimtania kwamba chiriku wao amemeza msumari. Alicheka nao, kisha akakimbilia nyumbani kusikiliza nyundo.

Wiki iliyofuata soli ya kiatu chake ilifunguka, akaipeleka kwa fundi. Alimkuta akishona kwa mkono, vidole vimefungwa vitambaa. Pale pembeni ilipokuwa cherehani yake, zilibaki alama nne za miguu ya mashine hiyo sakafuni.

"Mjomba, cherehani iko wapi?"

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Imesafiri," alisema. "Kama dada yako."

Fundi hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba dada alipokosa mdhamini, yeye ndiye aliyetia sahihi. Kila hodi ilipokosa jibu kwao, ilihamia kwake. Alilipa alichoweza, mwishowe akauza cherehani.

"Mbona hukutuambia, mjomba?"

"Ningepitia wapi? Hata mimi nikibisha kwenu, hamjibu."

Chiriku alirudi na kiatu kilichoshonwa, na neno hilo hakulitoa. Tangu siku hiyo kila pigo la nyundo lilikuwa kama linamgonga yeye.

Halafu jioni moja nyundo ikanyamaza. Hodi ikaja, lakini safari hii mwanamume wa viatu vya kahawia alitangaza kwa sauti akiwa nje: wauguzi wote wa zahanati wamesamehewa mikopo yao. Mama akafungua mlango wa mbele, uliokuwa umekwama kwa kukaa bila kufunguliwa. Akapiga kigelegele. Dada alitoka nyuma ya kabati akilia.

"Na alicholipa fundi?" aliuliza Chiriku.

Kigelegele kikakatika.

"Mfuko unasamehe kilichobaki," alijibu mwanamume yule. "Kilicholipwa kimelipwa."

Alipoondoka, dada alimgeukia Chiriku kwa hasira. Alisema wenzake wote waliokopa wamesamehewa, kwa nini yeye peke yake aanze upya? Chiriku akauliza kama alijua kwamba fundi alikuwa akimlipia. Dada alitazama ukuta ule, ambao nyuma yake nyundo haikuwa imerudi kulia.

"Nilimfundisha mtoto uongo kwa kukosa," mama alisema taratibu. "Leo hatukosi, na bado tunatafuta mlango wa nyuma. Twendeni."

Walisimama uchochoroni kwenye giza.

"Hodi," aliita dada.

Kimya. Chiriku alisikia mtu akipumua upande wa pili wa mlango. Hapo ndipo alipojua hodi isiyojibiwa inavyouma.

"Hodi, mjomba," dada alirudia, sauti ikimpasuka. "Sikusafiri. Nilikuwa ndani. Nisamehe."

Komeo likasogea.

"Karibuni," alisema fundi.

Dada aliahidi kumletea kila mwezi kile ambacho angeupa Mfuko, hadi cherehani irudi. Fundi akaitikia. Kisha akamwita Chiriku asogee.

"Sikuchukia dada yako kusamehewa. Mtu akifunguliwa kamba, tufurahi. Lakini kamba hii ilifunga miguu ya watu wawili, na Mfuko ukamfungua mmoja tu. Ukisamehewa deni, mwanangu, tazama nyuma yako nani alikuwa analibeba. Kwa huyo Mfuko hauwezi kukusemea. Huyo unamwendea mwenyewe."

Dada alitimiza ahadi. Miezi ilipita, na jioni moja Chiriku alisikia mngurumo wa cherehani ukutani. Kabla hajamwita mama, mtu alibisha mlango wa mbele.

"Karibu!" aliitikia Chiriku, bila kuuliza ni nani.