Cherehani Iliyofichwa kwa Muuza Mkaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa fundi cherehani, na akishona aliweka vifungo mdomoni, kisha akaongea navyo humo humo. Mteja akimwuliza gauni litakuwa tayari lini, alijibu kwa pua, na mteja akaondoka bila kujua kama ni kesho au mwezi ujao.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya soko. Asubuhi binti yake alikwenda shule, naye alipanda ngazi na mafurushi ya vitambaa. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu baba wa mtoto alipofariki. Hawakuwa na cha kutupa, lakini hawakulala njaa.

Siku moja lori la magunia lilirudi nyuma sokoni bila dereva kuangalia, likamgonga Mama Vifungo. Madaktari waliokoa uhai wake. Mguu wa kulia walilazimika kuukata, chini ya goti.

Sasa sikia vituko. Tangu aliporudi nyumbani na magongo yake, watu walizungumza naye kama vile lori lilimpitia kichwani. Wifi yake, yaani mke wa kaka yake, alikuja kumwuguza. Basi mgeni akiingia alimgeukia wifi na kuuliza, "Amekula?" Na mwenyewe yupo pale pale, anatafuna.

Msimamizi wa soko naye hakungoja hata atoke hospitali. Chumba cha kazi alimpa muuza simu, cherehani akairudisha nyumbani kwa mkokoteni, kisha akatuma salamu: "Mwambieni mama apumzike." Apumzike ale nini, hakusema.

Lililomchoma zaidi lilitoka kwa kaka yake wa damu. Alikuja jioni, akakaa, akasugua magoti.

"Dada, tumeshaamua. Binti yako atakuja kukaa kwangu, amsaidie mke wangu kazi za ndani. Wewe tutakutafutia kituo cha wasiojiweza. Uamuzi umeshapita."

"Umepita wapi?" Mama Vifungo akauliza. "Mimi nimekaa hapa mlangoni kutwa nzima. Sikuuona ukipita."

"Usianze maneno yako. Tunakuonea huruma."

"Na shule ya mwanangu je?"

Kaka alitazama dari. Binti alikuwa jikoni anaosha sufuria. Sauti ya kusugua ilikatika, haikuendelea tena.

Wiki hiyo zikaja habari kwamba nesi wa hospitali alimweleza afisa wa ustawi wa jamii juu ya familia hii, na afisa atawatembelea. Wifi aliposikia, alifunga kanga kiunoni.

"Hawa ndio wanaogawa unga na mablanketi," alisema. "Wakikuta tuna vitu, hatupati hata kijiko."

Akaanza kuhamisha nyumba. Redio ilikwenda kwa jirani. Viti vizuri vikasukumwa uvunguni. Cherehani ilibebwa hadi kwa muuza mkaa, ikafunikwa na magunia. Mama Vifungo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini nani amsikilize mgonjwa?

Asubuhi ya ugeni, wifi alimvika gauni la bluu. Mama Vifungo alilishona kwa mikono yake mwenyewe. Alipopitisha kichwa, aliona bega liko wazi.

"Wifi, umelichana?"

"Kidogo tu, kwa mkasi. Wewe kaa kwenye mkeka, nyamaza. Ukiweza, kohoa."

"Mimi nimekatwa mguu. Kikohozi kinatoka wapi?"

"Wifi, usituharibie riziki."

Afisa ustawi alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi. Alipiga hodi, akavua viatu, akaketi mkekani. Wifi alichungulia nje, nyuma ya mgeni.

"Hukuja na gari?"

"Nimekuja kwa miguu."

"Sasa mzigo utaufikishaje?"

"Mzigo gani, dada?"

Wifi alinuna. Afisa akamgeukia mwenye nyumba. "Shikamoo, mama. Naona uko na watu. Ungependa tuzungumze mbele yao, au tubaki wawili?"

Wifi akadakia, "Ongea na mimi tu. Mimi ndiye ninayemwogesha."

"Kazi kubwa hiyo, nakushukuru. Lakini nimemwuliza yeye."

Mama Vifungo aliitikia salamu. Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa kitu. "Tubaki wawili," akasema. Wifi alitoka akiburuta kandambili kwa makusudi.

"Mama, unataka nini?" afisa akauliza.

Swali lilikuwa fupi. Mama Vifungo alihisi hasira zote alizomeza zinapanda kwa pamoja.

"Nataka waache kuniuliza kupitia kwa wifi. Nataka mwanangu asome, asigeuzwe mtumishi wa mtu. Nataka chumba changu cha kazi. Na hili gauni, dada, halikuraruka. Limekatwa kwa mkasi ili unionee huruma. Cherehani yangu iko kwa muuza mkaa, chini ya magunia. Basi andika hayo, na kama unga haupo, haupo."

Afisa hakuandika. Alicheka, kisha akawa na uso wa kazi.

"Watu wengi wanadhani sisi ni wagawaji wa unga," alisema. "Msaada upo kwa anayeuhitaji, na kuuomba si aibu. Lakini kazi yangu ni pana kuliko hapo. Nimeisomea, kama nesi alivyosomea yake. Nasikiliza. Natafuta mtu ana nguvu gani na nani kamzibia njia. Kisha naifungua njia hiyo pamoja naye. Siamui kwa niaba yako. Na tunayozungumza hapa siyatangazi mtaani."

"Basi kaka yangu anaweza kumchukua mwanangu?"

"Hawezi. Mguu kukatwa hakukuondolei umama. Sheria iko upande wako. Ungependa nani amwambie, mimi au wewe?"

"Mimi. Ila wewe ukae karibu, asije akasema nimechanganyikiwa."

Jioni ile cherehani ilirudi, nyeusi tii. Wifi aliibeba na muuza mkaa. Mama Vifungo aliifuta vumbi mpaka kwenye gurudumu, akatia mafuta.

"Utaikanyagaje?" wifi akauliza. Safari hii alimwuliza mwenyewe.

"Guu la kushoto lipo. Pedeli haihesabu miguu."

Alisogeza kiti upande, akajaribu. Uzi ulikatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Alitukana lori, dereva na babu wa dereva. Binti yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Kabla ya giza kuingia, mshono ulinyooka.

Kaka alipokuja, dada yake alimwambia yote kwa mpangilio, afisa akiwa ameketi kando. Kaka alimtazama afisa, akitafuta mtu wa kumwunga mkono.

"Umemsikia dada yako," afisa akasema.

Kaka alisugua magoti. "Nilidhani nasaidia," akasema.

"Ukitaka kusaidia, niulize," dada akajibu. "Kwa kuanzia, utanibebea cherehani hadi sokoni."

Sokoni walikwenda pamoja na afisa na mafundi wenzake wa pale, waliokuwa wamekasirishwa na kufukuzwa kwake bila kujua pa kuanzia. Msimamizi alipowaona, alimkimbilia afisa.

"Karibu, dada. Mgonjwa wako ana shida gani?"

Afisa alimtazama Mama Vifungo, akangoja.

"Mgonjwa ni nani hapa?" Mama Vifungo alisema, akiegemea magongo. "Mimi ni fundi. Chumba nilikilipia kila mwezi, ukanifukuza nikiwa kitandani hospitalini. Hukuniuliza. Sasa ngazi zile hazinifai, basi cha juu mwachie muuza simu. Nataka kile cha chini, mnachoweka mifagio."

"Kile ni stoo, mama."

"Mifagio haina mtoto wa kusomesha."

Mafundi waliangua kicheko. Msimamizi alijaribu kusema kuna taratibu. Hapo afisa alifungua mdomo kwa mara ya kwanza, akamweleza kwa upole kwamba kumnyang'anya mtu mahali pa kazi kwa sababu ya ulemavu ni kosa, na kwamba ofisi yake iko tayari kulifuata jambo hili hadi juu. Msimamizi alitafuta funguo za stoo mwenyewe.

Leo Mama Vifungo yuko chini, karibu na lango, na wateja wameongezeka, kwani wazee nao walizichoka zile ngazi. Binti yake yuko shuleni. Bado anajibu kwa pua, na bado hakuna anayejua gauni litakuwa tayari lini.

Juzi jirani alimjia akinong'ona. Mume wake ni kipofu, na afisa ustawi atawatembelea kesho. Alisikia kuna gauni la bluu lililochanika vizuri begani. Angeweza kuliazima?

Mama Vifungo alitema vifungo kiganjani, ili safari hii aeleweke.

"Gauni nimeshalishona. Nenda nyumbani ukatoe viti uvunguni. Halafu mwulize mume wako anataka nini."