Kamba ya Ng'ombe na Meza ya Kanisa

Bathsheba anasema alikuwepo. Anasema meza mpya ya kanisa la Wasabato la Ekerenyo ilipasuka katikati ya maombi, bila mtu kuigusa. Mbao zililia "kwaa!" zikaachana, na Biblia ya Omwenga, mzee wa kanisa, ikaanguka chini. Anasema pia kwamba Machogu, fundi aliyeitengeneza, hakutia gundi. Alitia uji wa wimbi. Gundi aliyopewa na kanisa aliiuza.

Gesare, mke wa Machogu, aliyasikia hayo kisimani. Alitua debe lake chini kwa kishindo.

"Uji?"

"Ndivyo wanavyosema, mama Kerubo," Bathsheba akajibu. "Mimi narudia tu nilichosikia."

"Sasa hivi ulikuwa umeona. Tayari umesikia?"

Wanawake wakacheka. Gesare hakucheka.

Nyumbani alimkuta Machogu amekaa juu ya gogo, mbao za meza ziko miguuni pake. Mzee Omwenga alikuwa amemwambia waziwazi: meza ikirudi mbovu tena, viti vya kanisa vitatengenezwa na fundi wa mjini.

"Hizi mbao uliziunga vipi?" Gesare akauliza.

"Kama siku zote. Nilitia gundi, nikazifunga kamba, nikaikaza kwa kijiti."

"Kamba gani?"

"Si unaijua!"

Aliijua. Ilikuwa kamba ya ng'ombe. Jioni ile mbao zilipoungwa, ng'ombe aliingia katika mahindi ya Bathsheba, na Bathsheba akapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto. Gesare alikimbia, akaifungua kamba kwenye mbao, akamfunga ng'ombe. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Gesare akamgeukia mumewe.

"Fundi mzima, una kamba moja! Tena ya ng'ombe!"

"Na wewe ukaifungua!"

"Ningemwacha amalize mahindi ya watu?"

Kelele zao zilimleta jirani, mzee Zachariah, aliyekuwa seremala wa reli kule Kisumu kwa miaka mingi. Aliokota ubao mmoja, akapitisha kidole ukingoni.

"Gundi ipo. Huu si uji," alisema. "Lakini gundi lazima ibanwe mpaka ikauke. Kamba hulegea hata usipoifungua. Mnahitaji klampu, vile vyuma virefu vya kubana mbao."

"Hivyo ni vya matajiri, mzee," Machogu akasema.

"Nani amekwambia? Nunua mbili, ya tatu nitakuazima. Pima upana wa meza, ongeza shubiri moja, basi. Ndefu zaidi ya hapo unalipia chuma usichokitumia."

Machogu aliona haya kupita sokoni. Jumatatu Gesare akaenda Kisii yeye mwenyewe na mzee Zachariah.

Mwenye duka aliwaletea klampu nyekundu inayong'aa. Mzee alifumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake.

"Hii imepinda kama mgongo wangu. Itapindisha meza."

Akaletewa nyingine. Alilivuta taya lake linalosogea, lile linalobana mbao. Likateleza.

"Hii haishiki."

"Mzee, unanunua ama unahubiri?"

Gesare alitaka kumjibu, lakini mzee alikuwa ameshaona klampu nyeusi pembeni, yenye kutu kidogo. Alizungusha skrubu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikukwama. Aliyakutanisha mataya yake. Yakalala sawasawa.

"Kutu hutoka kwa mafuta. Chuma kilichopinda hakinyooki. Tupe mbili kama hii."

Zilikuwa za bei ndogo kuliko ile nyekundu.

"Tutaunga Ijumaa mchana," mzee alisema njiani. "Jua likizama ni Sabato, hakuna atakayegusa kazi. Gundi itapumzika pamoja na sisi."

Ijumaa Machogu alipiga randa kingo za mbao mpaka gundi ya zamani ikaisha. Kwanza walizibana kavu, waone kama zinakutana. Ndipo wakatia gundi. Klampu mbili zilikaa chini ya mbao, ya tatu juu, katikati. Kati ya chuma na meza waliweka vipande vya mbao ili mataya yasiache alama.

Machogu akaanza kuzungusha mkono wa klampu kwa nguvu zake zote.

"Unamkaba nani?" mzee akafoka. "Ukikaza hivyo gundi yote inatoka na mbao zinainama! Kidogo hapa, kidogo pale. Ukiona matone madogo kwenye mstari wote, acha."

Gesare aliyaangalia matone yakitokea moja moja. Akayapangusa kwa kitambaa chenye maji. Jioni ile ng'ombe alifungwa kwa kamba yake, na hakuna aliyegusa klampu mpaka Jumapili asubuhi. Machogu alipozitoa, alipanda juu ya meza akaruka. Meza ilinyamaza.

Sabato iliyofuata mzee Omwenga aliigonga meza kwa ngumi mara tatu.

"Viti kumi na viwili," alimwambia Machogu. "Anza."

Baada ya ibada wanawake waliizunguka meza. Bathsheba alipitisha kidole chake akitafuta maungio. Hakuyapata.

Gesare akamsogelea.

"Kamba niliifungua mimi," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Nilimfunga nayo ng'ombe aliyekuwa katika mahindi yako. Kosa langu nimelisema. Sasa na wewe, mama Abner, waambie hawa: ni uji, ama ni gundi?"

Wanawake wote walimgeukia Bathsheba.

Kidole chake kilikuwa bado juu ya meza.