Sharti la Chumba cha Nyuma

Haya ni ya kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, hasa la kushoto, maana ndilo linaloona vizuri. Sijatia chumvi hata punje.

Mjini Kairuani, ndani ya kuta za zamani, aliishi fundi wa mazulia aitwaye Dalenda. Alifuma nyumbani kwao, kwenye mtambo wa mbao aliorithi kwa shangazi yake. Mazulia yake yalikuwa mazito ajabu. Ukimwaga chai juu ya zulia la Dalenda, unaichota tena kwa kijiko na kuinywa, nayo bado ya moto. Nimesema, bila chumvi.

Dalenda alichumbiwa na Lamjed, kijana wa duka la makrudhi. Ni vile vitamutamu vya semolina, unga wa ngano wa chengachenga, vyenye tende ndani, vinavyokaangwa na kuchovywa kwenye asali. Lamjed alikuwa mpole na mcheshi. Alimwahidi Dalenda jambo moja.

"Kwetu kuna chumba cha nyuma," alisema. "Kina dirisha kubwa. Weka mtambo wako pale, ufume mpaka uzeeke."

Kwa ahadi hiyo Dalenda alikubali kuolewa.

Asubuhi ya siku ya mkataba wa ndoa, Dalenda alikuwa bado kwenye mtambo. Mama yake, Najeti, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bibi harusi gani ana manyoya ya kondoo kichwani?" alisema. "Wageni wakuone hivyo watadhani tunamwoza kondoo."

"Mistari miwili tu, mama."

"Mistari yako miwili naijua. Huisha magharibi."

Mlango ukagongwa. Aliingia Munjia, mama yake Lamjed, amebeba sinia la makrudhi. Munjia alikuwa mwanamke wa sauti. Akikohoa sokoni, njiwa wa Msikiti Mkuu huruka wote. Alimbusu Dalenda mashavuni, kisha akautazama mtambo.

"Huu mnauuza lini?"

Mkono wa Dalenda ukasimama hewani. "Hatuuzi, mama. Unakuja kwenu. Kwenye chumba cha nyuma."

Munjia akacheka. "Chumba cha nyuma? Jana tumeshusha magunia ya semolina mle mpaka kwenye dari. Na mikono yako tunaihitaji dukani. Mke wa muuza makrudhi hukaanga makrudhi, mwanangu. Sufu na asali havikai nyumba moja."

"Lamjed anajua?"

"Lamjed anajua kwamba mimi ni mama yake."

Akaweka sinia, akaondoka. Dalenda aliweka uzi chini. Kisha akavaa viatu, akakimbilia kibanda cha simu kwenye kona, akapiga dukani. Ilipokelewa na Munjia. Dalenda akakata simu bila kusema neno. Kwa desturi, bwana harusi asingemwona hadi saa ya mkataba. Hakuwa na njia nyingine ya kumpata.

Aliporudi, alimkuta jirani wa juu, Radhia, amekuja kuazima chungu cha kupikia kuskusi. Radhia alikuwa wakili. Asubuhi hiyo alikuwa na hina kichwani, amejifunika mfuko wa plastiki.

"Mbona uso umekushuka hivyo?" Radhia aliuliza. "Anayetisha leo ni mimi."

Dalenda akamweleza.

"Hiyo ahadi ya chumba, alisema au aliandika?"

"Nani anaandika mambo ya chumba?"

"Anayetaka kukaa ndani yake." Radhia akavuta kiti. "Sikiliza. Mkataba wa ndoa una nafasi ya masharti. Sheria inaruhusu. Unasema unachotaka, kwa maneno yaliyo wazi. Mume akikubali, kinaandikwa, kisha mnatia sahihi. Akilivunja sharti hilo, unaweza kwenda mahakamani na kuomba talaka kwa sababu hiyo."

Najeti akajipiga kifua. "Talaka, siku ya ndoa! Masharti ni mkosi, Radhia. Ni kama kumnunulia mtoto mchanga sanda."

"Mama Dalenda, ulipopangisha chumba cha juu kwangu, hukuandika kwamba nisifuge mbwa?"

"Niliandika. Wewe ni mpangaji."

"Basi mpangaji wako amelindwa kuliko binti yako."

Najeti akachukua kitambaa. Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nikiongea naye baada ya ndoa?" Dalenda aliuliza. "Watu wanasema mwanamume hulainika."

"Baada ya sahihi utakuwa unaomba. Kabla ya sahihi mnakubaliana. Na kuna jambo la pili. Mwandishi wa ndoa atauliza kama mnataka nyumba mtakayopata baadaye iwe yenu wote, au kila mtu abaki na mali yake. Watu huona haya. Hujibu, 'Lolote tu.' Usijibu hivyo. Fikiri, mwulize mwenzako, mchague."

Hina ikamdondoka Radhia kwenye pua. Akachukua chungu akaondoka.

Mchana familia mbili zilikutana kwenye zawia ya Sidi Sahbi, jengo lenye kaburi la sahaba wa Mtume, ambako watu wa Kairuani hupenda kufungia ndoa. Upande mmoja wa ua, familia nyingine ilikuwa ikimtahiri mtoto, ngoma zinalia. Upande wa pili walikaa kina Dalenda. Baba yake, Mzee Taufiki, alivaa suti iliyombana tumbo. Munjia alikaa mbele pamoja na Lamjed. Kando ya Munjia alikaa mama yake mzazi, Bibi Zuhura, aliyefika na mto wake wa kukalia.

Waandishi wawili wa ndoa walifungua daftari lao. Mmoja, Bwana Hamida, akasoma majina. Akamwuliza Dalenda kama amekubali kwa hiari yake. Dalenda aliinua mkono.

"Kabla sijajibu," alisema, "nina sharti."

Kila mtu akamgeukia. Ngoma za jirani ziliendelea.

"Sema," alisema Bwana Hamida.

"Niendelee na kazi yangu ya kufuma. Na chumba cha nyuma kiwe cha mtambo wangu."

Mzee Taufiki akamwinamia. "Binti yangu, unanivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe, baba. Lakini nitakayeishi kule ni mimi."

Munjia alikuwa ameshasimama. "Nilijua. Tumeleta msichana, kumbe tumeleta mahakama. Lamjed, inuka twende."

Lamjed hakuinuka. Alikuwa mweupe kama unga wa duka lao. "Dalenda, si nilikuahidi? Huniamini?"

"Chumba kina magunia, Lamjed. Ulijua?"

Akatazama viatu vyake. "Niliona jana. Nikasema tutaoana kwanza, kisha nitaongea na mama."

"Ungeongea naye lini?"

Lamjed akakuna kisogo.

"Mimi ninakuamini," Dalenda alisema. "Mama yako ndiye nisiyemwamini, na yeye hatii sahihi. Kama ulisema kweli, andika. Kama hukusema kweli, niambie sasa hivi, nirudi nyumbani, zulia langu bado liko mtamboni."

Lamjed akanyanyuka, akatoka nje ya ua. Najeti akaanza kulia taratibu. Bwana Hamida akafunika kalamu yake. Dalenda aliutazama mlango ule mpaka macho yakamuuma. Alijua Lamjed akiondoka asirudi, hakuna atakayemchumbia tena mtaani kwao. Alijua pia kwamba akilifuta sharti lake, hatafuma tena.

"Haya, tumeaibika vya kutosha," Munjia alisema. "Mama, simama."

Bibi Zuhura hakutikisika juu ya mto wake. "Mimi siendi kokote. Goti linauma."

"Mama."

"Kaa chini, Munjia. Unadhani huyu mtoto ameanzisha jambo jipya? Mimi niliolewa na sharti. Wanawake wa mji huu wamekuwa wakiandikisha hivyo tangu bibi wa bibi zetu: mume asioe mke wa pili, akioa, mke ana haki ya kuondoka. Baba yako alitia sahihi huku anacheka."

"Hayo ni ya zamani. Siku hizi sheria imekataza mke wa pili."

"Wakati wangu ilikuwa haijakataza. Nilikuwa na mimba yako, baba yako akampata mwanamke katika mji wa Susa. Akanunua mpaka viatu vya harusi. Nikamkumbusha tulichoandika. Akarudi na viatu vyake mkononi, akakaa nami mpaka kufa kwake. Bila sharti lile, mwanangu, ungelelewa na mama wa kambo. Na kwa mdomo wako huo, angekuuza."

Bwana Hamida alikohoa kuficha kicheko. Munjia akakaa, uso mwekundu. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unaongea."

Lamjed akatokea mlangoni. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alipita mbele ya mama yake, akaenda mezani.

"Magunia nitayahamishia chini ya ngazi," alisema. "Mama, samahani. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Nilikuogopa." Akamgeukia mwandishi. "Andika sharti kama alivyolisema."

Likaandikwa. Bwana Hamida akalisoma kwa sauti, mara mbili, kila mtu asikie. Alipouliza habari ya mali, Dalenda na Lamjed walisogea pembeni, wakanong'ona. Waliporudi, walijibu kwamba kila mmoja abaki na mali yake. Hawakujibu, 'Lolote tu.' Ndipo Dalenda akasema amekubali, na sahihi zikatiwa.

Mtambo ulisimikwa kwenye chumba cha nyuma wiki hiyohiyo. Mwaka wa tatu tende ziliharibika, duka likafungwa msimu mzima. Mazulia ya Dalenda ndiyo yaliyowalisha, na semolina ya msimu uliofuata ilinunuliwa kwa kazi ya chumba kile. Munjia aliona. Alilia kwa majuto, akaja kupiga magoti mbele ya mtambo, akajifunza kufunga mafundo. Leo mafundo yake ni madogo hivi kwamba sisimizi akitaka kupita lazima avue viatu.

Nilipofika hapo, nikilisimulia darasa la kisomo cha watu wazima la mtaani kwetu, mkono mmoja uliinuka kutoka dawati la nyuma. Miwani minene. Kitabu cha herufi mkononi. Njiwa wakaruka juu ya paa.

"Sijawahi kufunga fundo hata moja," alisema Munjia. "Wala sikulia. Wala sikupiga goti mbele ya mbao. Nilisema tu, 'Chumba kina mwanga mzuri,' nikaondoka. Hayo mengine umeyatoa wapi, mzee mzima?"

Darasa likaangua kicheko. Nikamwuliza, kwa adabu, amekuja kutafuta nini darasani kwa umri ule.

"Mjukuu wangu, binti wa Dalenda, anaolewa kiangazi. Sharti lake nataka kulisoma kwa macho yangu kabla hawajatia sahihi. Sitaki kusomewa na mtu kama wewe."

Kisha akanishika mkono wa kanzu, akanipeleka mpaka kwenye duka la mwanawe. Nililipia makrudhi ya darasa zima, na asali ya ziada, faini ya chumvi yangu.