Matairi Mapana ya Gari Jekundu

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye sakafu ya saruji, miguu nje, kichwa na mabega chini ya gari jekundu la spoti. Gurudumu la nyuma, upande wa abiria, lilikuwa limefunguliwa. Gari lilikuwa limeshuka kwa mkupuo mmoja, na aliyekuwa chini yake hakupata hata nafasi ya kupiga kelele.

"Tuliitwa saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa moja na dakika kumi asubuhi, afande," Sajenti alijibu. "Daktari wa polisi anasema mwili ulikuwa bado wa moto."

Inspekta alichuchumaa, magoti yote mawili yakalalamika. Miaka ishirini na tisa alikuwa akichuchumaa kando ya watu waliolala vibaya, na magoti yalikuwa yamemtangulia kuchoka. Marehemu alikuwa fundi wa magurudumu, mwenye karakana hii. Mtaa mzima ulimwita Milimita, kwa kuwa hakuwahi kumfungia mteja rimu bila kupima mara mbili.

Inspekta alimtazama kidogo tu. Kisha akalitazama gari.

"Gari hili nalijua," alisema.

"Nani asiyelijua, afande. Ndilo la kesi ya kesho. Mwenyewe alirudishiwa baada ya ukaguzi."

Miezi saba iliyopita gari hili liligongana na lori kwenye kona ya barabara kuu. Mwenye gari, daktari wa meno, alitoka na michubuko. Mdogo wake, aliyekaa kiti cha abiria, alikufa palepale. Daktari alisema lori liliingia upande wake. Dereva wa lori alisema gari lilimjia likizunguka kama pia. Inspekta alimwamini daktari. Dereva wa lori alikuwa mahabusu tangu siku ile, na kesho hakimu angesoma hukumu.

Mfukoni mwa koti Inspekta alikuwa na kikaratasi alichopewa jana saa kumi alasiri, akiwa ameshashika kitasa cha mlango ili aende nyumbani. Kiliandikwa: *Fundi Milimita yuko kwenye simu. Kuhusu gari jekundu na kesi ya lori. Anakutaka wewe mwenyewe.*

"Mwambie kesho," alikuwa amesema.

Msaidizi wa marehemu alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi chakavu, mikono myeusi ikining'inia katikati ya magoti. Hakusubiri kuulizwa.

"Nipelekeni tu. Mimi ndiye niliyemuua kaka."

"Tulia kwanza. Umemuuaje?"

"Jeki. Sili yake, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja. Tangu wiki iliyopita ananiambia badilisha, nami nasema kesho, kesho."

Inspekta alilisikia neno lile mara mbili. Sajenti alimsogelea sikioni. "Uzembe uliosababisha kifo, afande. Tutamaliza kabla ya chai."

"Chai haina haraka," Inspekta alisema.

Alijikunja tena hadi kwenye jeki. Aligusa sakafu chini yake, akanusa kidole. Hapakuwa na mafuta, tone tu la zamani lililokauka na vumbi.

"Jeki ikivuja, gari hushuka vipi?"

"Polepole, afande. Kama mtu anayekaa huku mgongo unamuuma."

"Hili halikushuka polepole. Hebu njoo uangalie vali ya kushushia."

Msaidizi aliinama. Alipangusa macho kwa kiwiko, akaangalia tena. "Imefunguliwa. Mizunguko miwili kamili. Mtu ameifungua."

"Na mpini?"

Karakana nzima ilikuwa na grisi. Swichi ya taa ilikuwa na grisi, birika lilikuwa na grisi, hata picha ya kalenda ilikuwa na alama ya dole gumba. Mpini wa jeki ulikuwa msafi, unang'aa kama kijiko cha mgeni.

"Sajenti, mwite mtu wa alama za vidole," Inspekta alisema. Kisha akamgeukia msaidizi. "Kaka yako akiingia chini ya gari alikuwa na desturi gani?"

"Lile gurudumu alilofungua analilaza chini ya gari, pembeni hapa. Jeki ikifeli, gari linakalia gurudumu. Haachi hata siku moja. Alikuwa anasema, 'Rimu nina spea, kichwa sina.'"

"Sasa liko wapi?"

Lilikuwa limeegemezwa ukutani, hatua nne kutoka kwa maiti. Rimu mpya, pana, ya rangi ya fedha. Msaidizi alilitazama, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Hii si kazi yake. Si yake kabisa. Uso wa rimu mpya unauelekeza kwenye ukuta? Na ona hapa, imeburutwa, imekwaruzika. Ukiburuta rimu mbele ya kaka atakusema kuanzia asubuhi mpaka mnafunga."

"Basi jeki yako haikuua mtu," Inspekta alisema. "Kuna aliyelivuta gurudumu, kisha akafungua vali."

Msaidizi alikaa chini sakafuni, akalia kimya, kama mtu aliyetuliwa mzigo na kupewa mwingine.

Walimwacha alie. Inspekta hakujua lolote kuhusu rimu, na hakuona haya kutojua. Msaidizi alipopumua vizuri, Inspekta alimulika tochi ndani ya uwazi wa gurudumu. Pale juu, kwenye ukingo wa fenda, palikuwa pamebandikwa madonge ya udongo wa bluu, ule wa kuchezea watoto.

"Hiki nini?"

"Kipimo chake. Mteja akitaka tairi pana, kaka anabandika udongo pale ambapo tairi linaweza kugusa bodi. Tunafunga gurudumu, tunapakia uzito, tunashusha jeki. Tukinyanyua tena, unene wa udongo uliobaki ndiyo nafasi uliyonayo. Ukibaki kama kidole, uko salama. Ukiwa kama karatasi, tairi litakula bodi, au bodi itakula tairi."

Udongo ulikuwa kama karatasi. Mahali pengine haukuwapo kabisa.

"Rimu hizi alizichagua nani?"

"Daktari mwenyewe. Alizileta juzi. Upana inchi kumi, matairi milimita mia mbili themanini na tano. Kaka akamwambia, daktari, hizi zinachomoza mno, chukua inchi nane na nusu na tairi jembamba kidogo, gari litapendeza na litakaa barabarani. Akakataa. Akasema, 'Zilizovunjika kwenye ajali zilikuwa saizi hii hii, na zilikaa.' Kaka akanyamaza. Kaka akinyamaza, jua kuna jambo."

"Akafanya nini?"

"Jana akanikalisha kiti cha abiria, akaweka mifuko miwili ya mchanga nyuma, akapima. Kisha akaniita, 'Njoo uone.' Ukingo wa fenda kwa ndani umenolewa kama kisu, na mpira mweusi umegandia pale. Wa zamani, afande. Si wa jana."

"Halafu?"

"Akapiga simu polisi. Baadaye akampigia daktari. Nilimsikia akisema, 'Nenda ukawaambie mwenyewe, ni heshima zaidi. Nakupa mpaka kesho.'"

Sajenti alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa anatazama udongo.

Stoo ya vielelezo ilikuwa nyuma ya kituo, chumba kirefu chenye harufu ya karatasi zilizolowana. Gurudumu la ajali lilikuwa rafu ya chini, nyuma ya baiskeli tatu. Lebo yake ilikuwa na mwandiko wa Inspekta mwenyewe: *Tairi la nyuma, limepasuka kutokana na mgongano.*

Waliliviringisha hadi penye mwanga. Inspekta alipitisha kidole kwenye bega la nje la tairi. Kulikuwa na mfereji mwembamba, laini, umezunguka tairi lote hadi ulipokutana na mahali lilipopasukia.

"Mgongano hukata mahali pamoja," Sajenti alisema polepole.

"Na huu umezunguka. Umekatwa siku nyingi, kidogo kidogo, kila kona." Inspekta alifuta kidole kwenye suruali. "Lilipasuka kwanza, ndipo wakagongana. Dereva wa lori aliniambia hivyo. Kwamba alisikia mlipuko kabla. Niliandika."

"Siku ile tulikuwa na ajali nne, afande."

"Niliandika," Inspekta alirudia.

Saa nane mchana mtaalamu wa alama za vidole alileta majibu. Uso wa rimu ulikuwa umefutwa, na mpini wa jeki vilevile. Lakini upande wa ndani wa rimu, pale mtu anapoingiza mkono ili avute, kulikuwa na alama za vidole vinne vya mkono wa kulia. Havikuwa vya Milimita wala vya msaidizi wake. Vilifanana na vile daktari wa meno alivyoviacha kwenye maelezo yake, miezi saba iliyopita.

Chumba cha kusubiri cha kliniki kilikuwa na viti sita na mama mmoja mzee aliyekuwa akizipanga kadi za wagonjwa. Alimjua Inspekta, akasimama kwa shida.

"Karibu, mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko?"

"Shikamoo, mama. Wananilisha."

"Marahaba. Tangu tumzike mdogo wake nakuja kumsaidia huyu mkubwa. Nyumbani kuta zinanisemesha." Alimshika Inspekta mkono, akaushikilia. "Kesho yule wa lori atafungwa?"

"Kesho tutajua, mama."

"Sina chuki naye. Nataka tu nijue aliyemuua mwanangu, basi nilale."

Ndani, daktari alikuwa akinawa mikono. Aliendelea kunawa baada ya mlango kufungwa.

"Asubuhi ulikuwa wapi, daktari?"

"Nyumbani. Kisha hapa."

"Karakana ulienda lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Nilipeleka rimu. Nimesikia habari za fundi, pole zao sana."

"Rimu ulizibebaje juzi?"

"Zilikuwa kwenye maboksi. Wenyewe ndio waliofungua."

"Hukuzigusa?"

"Hapana."

"Gurudumu likiwa limeshavikwa tairi, hukuligusa?"

"Nimesema hapana."

Inspekta alitoa picha ya vidole vinne, akaiweka kwenye sinia la vifaa. Kando yake aliweka donge la udongo wa bluu ndani ya mfuko wa plastiki. Halafu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, maana hakikuwapo kingine, na miguu yake ilikuwa haitaki tena.

Daktari alizima bomba. Hakuitazama picha, aliutazama udongo.

"Aliniambia nije asubuhi na mapema nione kwa macho yangu," alisema. "Akaingia chini kunionyesha. Huku anakwangua ule mpira, anauweka kwenye bahasha. Anasema, 'Hii tutampa inspekta.' Kwa upole. Laiti angenitukana."

"Ukavuta gurudumu."

"Nikavuta gurudumu. Akauliza, 'Unafanya nini, daktari?' Nikafungua vali."

"Bahasha iko wapi?"

"Niliichoma hapa hapa. Ukingo wa fenda nilitaka kuupiga tupa, nikasikia geti. Nikatokea nyuma."

Pale nje mama alikuwa akikohoa. Daktari alishusha sauti.

"Rimu zile za kwanza nilizichagua mwenyewe. Fundi aliyezifunga alisema ni pana mno, nikamwambia afunge, gari langu. Nilitaka zijae, mtu akiliona kwa nyuma ajue. Siku ile mdogo wangu akasema, 'Kaka, kuna harufu ya mpira.' Nikaongeza sauti ya redio. Inspekta, nikaongeza sauti."

"Kwa nini ukanunua tena saizi ileile?"

Daktari alikausha mikono kwa taulo.

"Nilitaka mtu anayejua kazi azifunge aseme zinatosha. Mtu mmoja tu. Zingetosha, basi ni lori. Nilimchagua yeye kwa sababu hakosei."

"Hakukosea."

"Jela naiweza," daktari alisema. "Mama ndiye nisiyemweza. Kila asubuhi ananipikia uji, ananiambia, 'Mungu amekubakiza wewe.' Angenitazama kwa macho gani?"

Inspekta alimwambia anyooshe mikono, akamfunga pingu yeye mwenyewe, bila kuibana. Daktari aliomba koti la kuzifunika. Inspekta alimpa la kwake.

Mama alisimama walipotoka, kadi zikiwa bado mkononi. "Mbona mapema hivi? Wagonjwa je?"

"Mwambie wewe," Inspekta alisema kwa sauti ndogo. "Akisikia kwangu hataamini."

"Mama," daktari alisema, "si lori."

Mama alimtazama mwanawe, akalitazama koti, akaketi. Kadi zilimtoka moja moja. Sajenti alibaki kuziokota, na hakuna aliyemharakisha.

Gereza la mahabusu lilifunga milango saa kumi na moja. Inspekta alifika na robo saa mkononi. Dereva wa lori aliletwa, amekonda, ndevu zimeingia mvi ambazo hazikuwapo. Alikaa upande wa pili wa meza, akangoja.

"Kesho hutasomewa hukumu," Inspekta alisema. "Nimeonana na mwendesha mashtaka. Utaachiwa."

Dereva alitazama mikono yake.

"Nilikuambia lilipasuka kwanza. Uliandika?"

"Niliandika."

"Ukasoma?"

Inspekta alivua kofia, akaiweka mezani.

"Leo," alisema.