Mwenzetu wa Kiti cha Nyuma

Ubaya wa lile gari ulianzia kwenye kiti cha nyuma. Kila asubuhi kinyozi alipofungua mlango alikikuta kimelowa, na madirisha yamefungwa, na mvua haijanyesha. Tena hayakuwa maji. Ulikuwa unyevu wa mafuta mafuta, ukiugusa unanata vidoleni, na harufu yake ilikuwa ya kichwa cha mtu asiyeoga. Kinyozi alikuwa ameshika vichwa vya watu nusu ya maisha yake, hiyo hakuweza kuikosea.

Alipangusa kwa kitambaa, akakitupa kitambaa, akanawa mikono, akanawa tena. Hakumwambia mtu. Gari lenyewe lilikuwa bovu siku nyingi, na gari bovu likinuka nani atashangaa? Gia zilikwaruza kila zikiingia, injini ilitoa moshi mweusi, breki zilikuwa za kubembeleza. Kuliuza alikuwa ameshaamua. Kilichomnyima raha ni namna ya kuliuza. Mkewe alisema liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likayeyushwe, yaishe. Dalali wa mtaa, ambaye watu walimwita Asali kwa ajili ya ulimi wake, alisema huo ni wendawazimu. Injini ioshwe ing'are, imwagiwe oili nzito ya kunyamazisha kelele, ndani kupuliziwe manukato, na mtu atalichukua huku anashukuru.

Katikati ya mashauri hayo alikuwepo mama yake kinyozi. Miguu ya mama ilikuwa haimbebi tena, na bila gari kliniki haendi. Likiuzwa kama chuma, hawatapata hata tairi la gari jingine. Likiuzwa kwa maneno ya Asali, wangepata jingine lenye afya. Hivyo ndivyo kinyozi alivyojiambia, na hapo hakuwa anajidanganya sana.

Siku moja wakirudi kliniki, mama ameketi mbele pembeni yake na kitambaa chake kichwani, alimwinamia mwanawe akasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, huyu uliyempakia nyuma ni nani?"

"Hakuna mtu nyuma, mama."

"Basi mwambie aache kunipumulia kisogoni. Pumzi yake inanuka."

Kinyozi alitazama kwenye kioo. Hakuona mtu, ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea katikati, kama kinavyobonyea kikikaliwa na mtu mzito. Aliendesha mpaka nyumbani bila kupumua kwa pua. Mama alipovua kitambaa, nywele zake nyeupe za kisogoni hazikuwepo. Hazikunyolewa, hilo angelitambua. Zilikuwa zimeng'olewa na mizizi yake, na ngozi iliyobaki ilikuwa nyekundu, imelowa ute uleule wa kwenye kiti. Mkewe alitoka nje kutapika.

Kesho yake kinyozi alilipeleka gari kwa fundi wa magari, kwa sababu tangu alfajiri lilikuwa likikohoa na kuzima. Fundi alifungua kikasha cha kichujio cha hewa, akachungulia, akaingiza vidole viwili akidhani ni tambara, akavuta, na kilichotoka kilikuwa nywele, bonge zima la nywele zilizosokotana na kulowa, na alivyozidi kuvuta ndivyo zilivyozidi kuja, vuguvugu, zikidondosha ute juu ya viatu vyake, na kinyozi aliyesimama pembeni akawa anazitambua moja baada ya nyingine, hizi mvi za mwalimu mstaafu, hizi za fundi cherehani anayejipaka rangi nyeusi ili mkewe mdogo asimwone mzee, hizi laini za yule mtoto aliyelia mpaka akapewa pipi, na juu kabisa, zikiwa bado na vipande vya ngozi, za mama yake.

Fundi alifuta mkono kwenye mchanga, kisha akaufuta tena.

"Kaka, ondoa hiki kitu kwangu," alisema taratibu. "Nimefungua magari yaliyoua watu. Sijawahi kufungua gari linalokula."

Kinyozi hakuwa na haja ya kuuliza nywele zilitoka wapi. Kazi ya kinyozi ina taka zake, na taka zake hazipendezi kuonwa. Kila jioni alizoa nywele za dukani akazitia kwenye gunia, gunia likijaa analitia kwenye buti alipeleke jalalani. Lakini jalala lilikuwa mbali na foleni yake ndefu. Njiani kulikuwa na gofu lisilo na paa, na nyuma ya gofu kisima kilichoachwa. Kwa miaka alikuwa akisimama hapo, anaangalia kushoto na kulia, anamimina, anaondoka. Hata mkewe hakujua.

Bibi mmoja mganga alipoitwa alikataa kulikaribia gari. Alisimama upande upepo unakotoka, ukingo wa shuka puani, akasikiliza habari yote ya kisima bila kumkatiza.

"Umemlisha jini mpaka amekuzoea, mjukuu wangu," alisema. "Sasa akae kisimani afanye nini, na anayemlisha ana gari?"

Dawa yake haikuwa ya kuchoma wala ya kuchinja. Gari liuzwe, alisema, kwa yeyote. Kwa mgeni jini hana mwenyeji, atateremka njiani arudi kwao, na mnunuzi hatadhurika. Ila sharti lilikuwa moja. Kinyozi alikuwa amemlisha kwa kificho, na jini huyo hukaa kwenye kificho. Kwa hiyo mnunuzi aambiwe kila ubovu na kila uchafu wa lile gari, kwa kinywa cha mwenye gari.

"Neno moja ukilificha," alisema, "atabaki nalo. Na atabaki kwako."

"Hata la nywele, bibi?"

"La nywele hasa."

Mnunuzi alikuwa muuza magodoro, mtu mpole, na alikuja na mkewe aliyevaa nguo nyeupe pe. Asali alikuwa ameshatangulia na chupa yake ya manukato bila kuombwa, na ndani ya gari kulinukia hadi kunakera. Kinyozi alianza kusema. Alisema gia, alisema moshi, alisema oili inavuja na breki hazina imani. Asali alikohoa, akamkanyaga mguu, mwishowe akaenda kukaa kwenye jiwe na kushika tama. Mnunuzi alitabasamu. Breki zitatengenezwa, alisema, lakini muuzaji mkweli namna hii yeye hajawahi kumwona. Alimshika kinyozi bega, akamwita ndugu yangu.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Kinyozi aligeuka akamwona mke wa mnunuzi ameketi kiti cha nyuma, anapapasa kitambaa kwa kiganja chake kisafi na kusema kinanukia vizuri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akawaza uso wa mwanamke huyo utakavyokunjamana, atakavyoruka nje akipangusa nguo yake, na yule aliyemwita ndugu atakavyomtazama, kama kitu kilichotoka kwenye kile kichujio. Alijiona anatia kinyaa. Pia aliona gari jipya la mama likiondoka.

"Kuna lingine, ndugu yangu?" mnunuzi aliuliza.

"Hakuna," alisema kinyozi.

Gari liliondoka na moshi wake. Kinyozi alisimama uani akipumua hewa safi, na kwa muda mfupi alifurahi kweli. Kisha akahisi unywele mmoja kwenye ulimi. Aliushika kwa ncha za vidole akautoa. Ulikuwa mrefu, mweupe, na haukuisha mapema.

Mama alimwita kutoka ndani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitambaa kimeangukia mapajani, na kichwa chote kimebaki ngozi tupu inayong'aa kwa ute. Hakuonekana kuumwa. Alikuwa amekaa upande upande, kama mtu aliyempisha mwingine nafasi.

"Afadhali umeliuza, mwanangu," alisema. "Lakini mbona huyu mwenzetu wa nyuma umemwacha?"

Kinyozi alikimbilia simu. Iliita, na mnunuzi akapokea kwa furaha, akamwita tena ndugu yangu, akauliza kuna nini. Lilikuwa neno moja tu lililobaki kusemwa. Kinyozi alifungua kinywa alitoe, na koo lake likawa limejaa, vuguvugu, ladha ya mafuta ya vichwa vya mtaa mzima, na alivyozidi kujitahidi ndivyo bonge lilivyozidi kupanda, mpaka mate yakamtiririka kidevuni na sauti haikutoka.

"Haloo?" mnunuzi alisema. "Haloo, ndugu yangu, sikusikii."

Kisha akakata.